Scar Alipokuwa Bado Taka

Wanangu, safari hii swali limetoka Ujiji. Mtoto mmoja ametazama filamu ya Mufasa, kisha akairudia ile ya zamani ya Simba, na sasa hanipi raha. "Mjomba, Scar nimchukie au nimhurumie?"

Hongera, mwanangu! Watu wazima wangapi hutazama filamu, wakasinzia, wakaamka, wakaenda zao bila kuuliza lolote? Wewe umeuliza. Kaa nikusimulie.

Tuanze na ya zamani. The Lion King ilitoka mwaka 1994. Humo Scar ni mbaya, basi. Mfalme Mufasa ananing'inia kwenye jabali, chini nyumbu wanapita mbio, anamwomba ndugu yake amvute. Scar anamdaka kwa kucha, anamtazama, anamwachia. Mufasa anaanguka na kufa. Kumchukia Scar hakukuhitaji mwalimu.

Ikapita miaka 30. Desemba 2024 ikatoka Mufasa: The Lion King, iliyoongozwa na Barry Jenkins. Imetoka baadaye, lakini inasimulia ya kabla. Mufasa ni mtoto, mafuriko yamemsomba, kawapoteza wazazi. Nani anamwokoa mtoni? Mwana wa mfalme, jina lake Taka. Mfalme hamtaki mgeni, anawashindanisha mbio. Nani anapunguza mwendo makusudi ili Mufasa ashinde, abaki? Taka. Nani anapigwa ukucha wa jicho akimkinga Mufasa? Taka huyohuyo. Na lile kovu ndilo la Scar.

"Kumbe Scar alimwokoa Mufasa?"

Kumbe!

Sasa rudi kwenye ya 1994, pale mwanzoni. Scar kamshika kipanya mkiani, anamchezea kabla ya kumla, huku analalamika kwamba ufalme hataupata kamwe. Zamani tulicheka. Kipanya kinahangaika, Scar analalama, sisi tunacheka. Hebu tazama tena. Huyu alizaliwa mrithi. Akamleta nyumbani mtoto aliyemwokoa mtoni. Leo mtoto yule ndiye mfalme, na mwana wa mfalme amebaki pangoni anaongea na panya. Kicheko kinakwama kidogo, sivyo?

Na bado hakuna picha hata moja iliyobadilishwa. Kipanya ni kilekile, pango ni lilelile. Ni kama chungu kilekile na mchuzi wa mgebuka uleule, ila safari hii umeambiwa kwamba aliyeupika alikuwa analia jikoni. Utaula kama ulivyoula jana?

"Mjomba, kwa hiyo mwaka 1994 Scar alikuwa anakumbuka kwamba alimwokoa?"

Ah, mwanangu! Hapo umenibana. Hakukumbuka, maana hakukuwa na cha kukumbuka. Waliomchora hawakuwa na habari za mafuriko wala za mtoto aliyeokolewa mtoni. Kwao alikuwa ndugu mwenye wivu tu. Hadithi ya kabla ilitungwa baada. Ni wewe unayeichukua habari kwenye filamu mpya na kumpelekea Scar wa zamani. Mwenyewe hana habari.

Nami nina ugomvi wangu na filamu hiyo mpya. Taka anageuka adui kwa sababu simba jike Sarabi kampenda Mufasa. Ndilo hilo tu? Udugu wa miaka yote unavunjwa na hilo? Scar wa 1994 alinitisha kwa sababu sikujua kilichomfanya awe vile. Sasa nimeelezwa, na hofu imepungua. Huruma nimepata, hofu nimepoteza. Sina hakika kama nilipewa bei nzuri.

Mnataka mfano wa hapahapa kwetu? Mtafuteni bibi mmoja wa chuma wa bandari ya Kigoma. Akipewa mdomo atasema hivi:

"Mimi ni meli Liemba. Mnanijua kwa magunia ya dagaa na safari za Mpulungu. Mnanijua kwa abiria walionipanda usiku kutoka kwenye mitumbwi, mama akipokewa mtoto kwanza, kisha beseni, kisha yeye, maana kijiji hakikuwa na gati. Lakini kabla ya hapo? Niliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Nikafunguliwa vipandevipande, nikatiwa masandukuni, nikaja Dar es Salaam kwa meli na Kigoma kwa treni. Mwaka 1915 nikaingia ziwani kwa jina la Graf von Götzen, na mizinga nilibeba! Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe wakanizamisha nisiangukie mikononi mwa adui. Injini zangu wakazipaka grisi nene zisiliwe na kutu. Waingereza wakaniibua 1924, na 1927 nikarudi kazini, jina Liemba."

"Bibi, na wewe una filamu?"

"Ninayo, nusunusu. The African Queen, ya mwaka 1951, kutokana na riwaya ya C. S. Forester. Humo kuna meli ya kivita ya Wajerumani iliyobuniwa kwa kunitazama mimi. Mwisho inalipuka na kuzama, watu wanashangilia. Nami huku nilikuwa napakia dagaa!"

Mmeona? Mgeni wa ziwa hili akitazama filamu ile anaona ushindi. Mtoto wa Kigoma aliyeanza na habari za bibi anauliza: mbona wanashangilia meli yetu kuzama?

"Kwa hiyo Mjomba, mdogo wangu hajaona hata moja ya Simba. Aanze na ipi?"

Na iliyotoka kwanza. Chukua mfano wa Star Wars: waliozitengeneza filamu hizo walianza mwaka 1977, na mwaka 1999 wakatuonyesha yule mbaya wao, Darth Vader, akiwa mtoto wa miaka 9. Anayeanza na huyo mtoto anaijua mapema siri ambayo wenzake waliisubiri filamu mbili nzima. Kwa hiyo mpe mdogo wako ya 1994. Mwache amchukie Scar mpaka achoke. Na wewe, kile kipanya kitakapotokea, funga mdomo wako!