Patapon: jeshi linalongoja ngoma yako

Wandugu, mukisikia PSP, wengi mu promosheni yetu wanakumbuka paka mpira na mapigano. Leo nataka niwaelezee mchezo uliopita pembeni, na ambao mimi naona ndio bora wa mashini ile: Patapon. Uko na sehemu tatu. Ya kwanza ilitoka Japani mwaka 2007, ya pili 2008, ya tatu 2011. Aliyeuwaza ni Hiroyuki Kotani. Wale watu wadogo, weusi kama kivuli, wenye jicho moja kubwa, walichorwa na Mfaransa anayejiita Rolito.

Namna unavyochezwa ni hivi. Askari hauwasukumi. Butoni nne za upande wa kuume ni ngoma nne: pata, pon, don, chaka. Piga pata-pata-pata-pon, jeshi linaenda mbele. Pon-pon-pata-pon, linashambulia. Chaka-chaka-pata-pon, linajikinga.

Sasa sikilizeni vizuri. Ukishapiga mara nne, unatulia. Jeshi linakuitikia kwa wimbo, mapigo manne, huku likitenda ulichoagiza. Ukipiga juu ya sauti yao, mfululizo unakatika. Ukiwaacha wamalize, kisha upige tena bila kuchelewa, nguvu inapanda mpaka wanashikwa na kile mchezo unaita homa: wanaimba kwa kelele na kupiga vikali zaidi. Kwetu si jambo geni: mumoja anaanzisha, kundi linaitika.

Ugumu uko hapo. Dodonga, yule mnyama mkubwa, akijitayarisha kutema moto, hauna dakika ya kujirekebisha. Agizo linatendeka kisha ya mapigo yako manne, basi ni lazima uione hatari mbele ya wakati. Ukishikwa na hofu, vidole vinakimbia, mdundo unapotea, na jeshi linabaki limesimama mbele ya moto. Mu mchezo huu, anayeamuru bila kusikiliza anawaua watu wake. Ni michezo michache inayosema jambo hilo wazi vile.

Mutaniuliza: kwa nini mashini ya zamani? Juu PSP inashika kioo, sauti na butoni pamoja mukononi mwako. Televisheni za leo mara nyingi zinachelewesha picha kidogo, na mu mchezo wa mdundo kile kidogo ni kingi. Sehemu ya kwanza ilitolewa upya kwa PS4 mwaka 2017, na 2025 ya kwanza na ya pili zikatolewa pamoja kwa mashini mpya. Ya tatu haikuingizwa humo.

Basi, kama PSP yako iko ndani ya sanduku, itoe. Angalia batri kwanza, maana za zamani zinavimba. Iliyovimba usiitie umeme. Ikiwaka, usifunge sauti hata kidogo.

Nani kati yenu bado iko na moja inayofanya kazi?