Skrini Ikiandika "No Signal", Kitufe cha Chanzo Kitangulie Fundi

Kwa mkulima wa kahawa wa Kalinzi, kwenye vilima vilivyo juu ya Ziwa Tanganyika, kupeleka luninga kwa fundi Kigoma mjini ni nauli ya kwenda na kurudi pamoja na siku nzima ya kazi. Hasara huuma zaidi fundi anapobonyeza kitufe kimoja tu cha rimoti na picha ikarudi.

Chanzo cha mkanganyiko huo ni mabadiliko ya teknolojia. Kabla ya mitambo ya analojia kuanza kuzimwa nchini, kwa kuanzia na Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, waya wa antena uliingia moja kwa moja kwenye luninga na rimoti moja ilitosha. Ujio wa king'amuzi uligawa kazi hiyo. Luninga hubaki kwenye tundu moja lililounganishwa na king'amuzi, na chaneli hubadilishwa kwa rimoti ya king'amuzi. Mtoto akibonyeza namba kwenye rimoti ya luninga, skrini inaweza kuhamia kwenye antena isiyokuwepo, na familia ikakosa taarifa ya habari ikidhani chombo kimeungua.

Dawa yake ni kitufe kilichoandikwa "Source" au "Input". Kikibonyezwa, orodha ya matundu hujitokeza. Waya wenye vichwa vitatu, wa njano ukibeba picha na mweupe na mwekundu zikibeba sauti, huchaguliwa kwa jina la AV. Waya mmoja wenye kichwa bapa huchaguliwa kwa jina la HDMI. Baada ya kuchagua, mtumiaji asubiri sekunde chache. Wengi hubonyeza tena kwa haraka na kulipita tundu walilolitaka.

Katika kumbi za mikutano na vibanda vya kuoneshea mpira, ambako king'amuzi, kompyuta mpakato na deki hutumia skrini moja, hufungwa swichi ya sauti na picha yenye rimoti yake. Hapo namba si za chaneli: 1 huweza kuwa king'amuzi na 2 kompyuta, kwa kufuata mpangilio wa waya nyuma ya swichi. Ni busara kubandika karatasi yenye orodha hiyo ukutani. Baadhi ya swichi hutenganisha sauti na picha, hivyo wananchi waliokusanyika kusikiliza tangazo la kipindupindu wanaweza kumwona msemaji huku spika zikiendelea kutoa muziki wa deki. Picha ikihamishwa, sauti nayo ihakikiwe.

Rimoti isipoitikia kabisa, ielekezwe kwenye kamera ya mbele ya simu na kitufe kibonyezwe. Mwanga hafifu ukionekana kwenye kioo cha simu, rimoti inafanya kazi, ingawa jicho haliuoni. Usipoonekana, betri zibadilishwe kwanza. Mwanga huo haupiti ukutani wala kwenye mgongo wa mtu aliyesimama mbele ya chombo, na jua kali likipiga moja kwa moja kwenye kipokezi huweza kuudhoofisha.

Ikiwa tundu lililochaguliwa ni sahihi, waya zimekaza na picha bado haipo, hapo ndipo fundi anahitajika. Apelekewe luninga pamoja na king'amuzi, rimoti zote mbili na waya zake, kwani luninga peke yake haitamwonesha kasoro iliyobaki nyumbani.