Spika Tano Ukumbini, Pasi na Deni Dukani

Runinga za siku hizi zimekuwa nyembamba kama sinia, na wembamba huo umeila sauti. Spika zake ni ndogo, tena aghalabu zimeelekezwa chini au nyuma, zikisema na ukuta badala ya kusema na watu. Matokeo yake twayaona majumbani. Taarifa ya habari yasomwa, vijana wafahamu, lakini bibi aliyeketi hatua nne kutoka kwenye kioo hapati neno. Sauti yaongezwa; muziki na vishindo vyajaza nyumba, na maneno bado hayafahamiki. Mwishowe mzee huinuka akaenda zake chumbani, na kila kijana hujitenga na simu yake masikioni.

Hapo ndipo familia nyingi hukimbilia dukani na kurudi na seti kubwa ya spika kwa malipo ya kila mwezi. Seti hulia kwa kishindo wiki mbili tatu, ilhali deni huendelea kulia miezi kumi na miwili, na mara nyingi lililo pembeni ya deni hilo ni karo ya shule. Katika makala haya twataka kuonyesha njia nyingine: kuijenga sauti ya kuzunguka kipande kwa kipande, kwa fedha iliyopo mkononi, na kila hatua iwe na faida yake hata kama hatua inayofuata haitafika.

Sauti ya kuzunguka ni nini?

Mwenyezi Mungu amemjaalia binadamu masikio mawili. Sauti itokayo kuume hulifikia sikio la kuume mapema kidogo na kwa nguvu zaidi, na akili hupima tofauti hiyo ikajua upande ilikotoka. Mwaka 1931 mhandisi Mwingereza Alan Blumlein alisajili uvumbuzi wa kurekodi kwa njia mbili zinazofanya kazi kama masikio hayo. Ndiyo tuiitayo stirio. Mwaka 1940 filamu ya Fantasia ya Walt Disney ilionyeshwa Marekani kwa spika zilizopangwa mbele na kandoni mwa ukumbi, lakini gharama yake ilikuwa kubwa mno hata kumbi chache tu zikaweza kuimudu.

Mpango unaotumika zaidi majumbani leo huitwa 5.1. Tano ni spika za kawaida: mbili za mbele kulia na kushoto, moja ya katikati, na mbili za ubavuni zilizorudi nyuma kidogo. Ile moja ni spika ya besi, ambayo wengi wetu twaiita wufa. Inatosha moja kwa sababu sauti nzito sana, za chini ya mitetemo takriban 80 kwa sekunde, ni vigumu kwa sikio kutambua zatokea upande gani. Spika ya katikati ndiyo ibebayo maneno ya wazungumzaji. Kwa hivyo anayelalamika kwamba hasikii maongezi haponi kwa kununua wufa. Huyo ni mgonjwa wa tumbo apakwaye dawa ya macho.

Kipi kinunuliwe kwanza?

Twapendekeza mpangilio huu. Hatua ya kwanza ni amplifaya na spika mbili nzuri za mbele. Mbili hizi pekee, zikiwekwa mahali pake, hushinda seti nzima ya spika tano dhaifu. Hatua ya pili ni spika ya katikati, na hatua ya tatu ni zile mbili za ubavuni. Wufa ije mwisho.

Mwenye nia ya kufika spika tano na atafute tangu mwanzo risiva ya mtumba yenye njia tano, hata kama kwa sasa atatumia mbili tu. Risiva za kale hazina kiungo cha HDMI kinachorudisha sauti kutoka kwenye runinga, yaani ARC, kwani hicho kilianza mwaka 2009. Si hoja. Nyingi zina tundu la waya wa mwanga, na waya huo mwembamba unaweza kubeba sauti ya 5.1 bila taabu. Kabla ya kulipa, hakikisheni runinga yenu nayo ina tundu hilo.

Jihadharini na tarakimu za kwenye boksi. Utaona spika ndogo imeandikwa maelfu ya wati, na kando yake herufi PMPO. Hesabu hiyo haina kipimo kinachoaminika. Itakayowafaa ni ile iliyoandikwa RMS, na ikikosekana, geuzeni mtambo msome kibao cha nyuma kinachotaja umeme unaotumia. Mtambo unaokula wati 60 za umeme hauwezi kutoa wati elfu za sauti mfululizo. Tena tusihangaike sana na wati. Kuongeza wati maradufu huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua kwa shida. Kwa maongezi ya kadiri ndani ya ukumbi wa kawaida, spika aghalabu haili hata wati 1.

Kuchagua vya mtumba

Hewa yetu ya pwani ina chumvi na unyevu, nayo haina huruma na vyombo vya umeme. Tazameni ule ukingo unaoizunguka karatasi ya spika. Ukiwa wa sponji, uguseni kwa ncha ya kidole, ukimomonyoka, umeoza. Ukingo wa mpira hudumu zaidi. Hata hivyo spika yenye ukingo uliooza haifai kutupwa, kwa kuwa fundi hodari huweza kuubadilisha, na kasoro hiyo yatosha kuwa sababu ya kupunguziwa bei. Kisha ibonyezeni karatasi taratibu kwa vidole vilivyotandazwa sawasawa. Ikikwaruza ndani, iacheni. Mwisho, sikilizeni sauti ya mtu akizungumza, si muziki. Kasoro ambayo ngoma huificha, sauti ya mtu huifichua.

Ulizeni pia chombo kimetoka wapi. Umeme wetu ni volti 240. Vilivyoletwa na jamaa kutoka Dubai au Muscat hutumia umeme unaokaribiana na wetu, lakini vya Marekani huhitaji volti 120 na vya Japani 100. Vikichomekwa hapa bila transfoma vitaungua mara moja, isipokuwa kama nyuma vimeandikwa kwamba vyakubali volti zote.

Kwa nyaya hatuna haja ya zile za bei ya dhahabu. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5, utumikao katika kazi za kawaida za umeme, watosha kabisa kwa ukumbi wa nyumba. Kwangueni ncha yake kwa kisu: ukionekana mweupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na kwa chumvi ya pwani haitakaa.

Hila ya spika mbili za nyuma

Huenda mna amplifaya ya kale ya stirio, yenye njia mbili tu, na hamna uwezo wa kununua risiva. Mnamo mwaka 1970 mhandisi wa Marekani David Hafler alieneza njia rahisi ya kupata sauti ya nyuma bila mtambo wa ziada. Spika za mbele huunganishwa kama kawaida. Kisha waya kutoka kiungo chekundu cha amplifaya upande wa kushoto huenda kwenye kiungo chekundu cha spika ya nyuma kushoto. Kiungo cheusi cha spika hiyo huunganishwa na cheusi cha spika ya nyuma kulia. Na chekundu cha hiyo ya kulia hurudi kwenye kiungo chekundu cha amplifaya upande wa kulia. Viungo vyeusi vya amplifaya haviguswi na spika za nyuma.

Kinachotokea ni hiki: sauti zilizo sawa katika njia zote mbili, kama vile maneno ya msemaji, hufutana na kunyamaza nyuma. Zinazobaki ni zile zinazotofautiana, yaani mwangwi wa ukumbi, upepo, mvua na vifijo vya watu, nazo humzunguka msikilizaji. Si 5.1 kamili, lakini hugharimu spika mbili na nyaya tu. Sharti lake ni kwamba viungo viwili vyeusi vya amplifaya viwe vimeungana kwa ndani. Amplifaya nyingi ndogo za kisasa haziko hivyo, na kuziunganisha kwa njia hii kwaweza kuziharibu. Fundi na apime kwanza, mtambo ukiwa umezimwa.

Chumba nacho ni chombo

Sakafu ya vigae, kuta tupu na madirisha ya vioo hurudisha sauti huku na huko hata maneno yakavurugika. Simameni katikati ya ukumbi mpige kofi moja. Mkisikia mwangwi unaolialia, msinunue spika nyingine kabla ya kutandika zulia, kutundika pazia nzito na kupanga mito. Hapa mwenye nyumba ana uwezo ambao fundi hana, tena kwa vitu ambavyo huenda tayari vimo kabatini.

Spika mbili za mbele ziachane kwa umbali ule ule ulio baina ya kila moja na anayeketi, hata zifanye pembetatu yenye pande sawa. Ziwe usawa wa masikio ya aliyekaa. Ya katikati iwe chini au juu ya runinga, imeelekezwa usoni mwa watu, wala isifichwe ndani ya kabati. Za ubavuni ziwe kulia na kushoto mwa kochi, zimerudi nyuma kidogo. Ili kupata mahali pa wufa, iwekeni kwa muda pale mnapoketi, kisha mmoja wenu atambae ukutani akisikiliza. Palipo na besi safi isiyovuma ndipo pake.

Hakikisheni rangi za nyaya hazikupishana. Betri ndogo ya volti 1.5 ikigusishwa kwa nukta moja, chanya kwa kiungo chekundu, karatasi ya spika ya besi yapaswa kusukumwa nje. Spika moja iliyogeuzwa huifanya besi ipotee, na wengi huwahi kununua wufa kumbe kosa ni la waya.

Haki ya jirani na masikio ya mtoto

Besi haizuiwi na mlango. Katika nyumba za ghorofa hupita sakafuni ikamfikia mgonjwa na mtoto mchanga wa jirani. Iwekeni wufa juu ya mkeka mnene au vipande vya mpira, na ifikapo usiku izimeni kabisa. Maneno yatasikika kwa spika ya katikati. Vilevile, wakati wa kusikiliza kisomo cha Qurani au mawaidha zimeni athari zote za kuzunguka. Sauti ya msomaji mmoja yataka kutoka mbele, safi, bila mwangwi wa kubuni.

Kuhusu watoto, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani juu ya vifaa vya kusikilizia ni desibeli 80 kwa saa 40 za wiki kwa mtu mzima, na 75 kwa mtoto. Zipo programu za simu zinazokadiria kiwango hicho. Kipimo chepesi zaidi ni mazungumzo: ikiwa wawili walioketi kochi moja hawasikilizani mpaka wapaaze sauti, sauti imepita kiasi.

Basi mama mshika mfuko na aandike hatua zile nne katika karatasi, akiweka bei mbele ya kila moja baada ya kuulizia kwa mafundi wawili au watatu. Hatua moja ikikamilika, familia iitumie miezi kadhaa kabla ya kuingia nyingine. Wengi watakuta kwamba zulia, spika mbili za mbele na ile ya katikati zimewatosha, na fedha iliyotengewa wufa ikapata kazi iliyo bora zaidi.