Gitaa Lililovuka Mipaka

Askari wa zamu, asikiapo gitaa la umeme likinguruma gizani, mara nyingi hudhani kwamba pana ghasia. Dhana hii si ngeni. Mwezi Novemba 1969 wakuu wa Dar es Salaam walipiga marufuku muziki wa soul, wakiuona kuwa sumu kwa vijana. Kisha ikavuma roki, yenye kishindo zaidi na nyimbo ndefu zisizochezeka kwa urahisi.

Lakini na tuwatazame waliopiga muziki huo. Jimi Hendrix, aliyeigwa na wapiga gitaa wengi duniani, alikuwa askari wa miavuli wa Marekani mwaka 1961 na 1962, na ni jeshini alikokutana na Billy Cox, mpiga besi wake wa baadaye. (Nidhamu yake, kusema kweli, haikuwasisimua wakubwa wake.)

Karibu nasi zaidi ni Sunburst, bendi iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1970, ikawakusanya Watanzania pamoja na wanamuziki kutoka Zambia na Zaire, Kongo ya leo. Mwaka 1973 ilishinda mashindano ya kitaifa. Mwaka 1976 ikatoa santuri ya Ave Africa huko Zambia, nchi ambayo bendi ya WITCH ilikuwa imekwisha kuitia moto kwa roki yake. Wimbo mmoja wa Sunburst unaitwa "Enzi za Utumwani". Mhuni hajishughulishi na historia ya namna hiyo.

Huku Mbarara mambo yalikuwa mengine. Septemba 1972 mji ulishambuliwa na wapiganaji waliotoka Tanzania, na mwaka 1979 vita viliubomoa. Panapochimbwa mahandaki, bendi haipati pa kufanyia mazoezi.

Nakivale, makao ya wakimbizi tangu Wanyarwanda walipopokelewa huko karibu na uhuru, leo ina Wakongo, Warundi na Wasomali pia. Jioni moja tuliwakuta huko vijana wa Kikongo wenye gitaa la nyuzi nne na kipaza sauti kilichofungwa kwenye betri ya gari. Walipoziona sare zetu, walinyamaza ghafla, na mmoja akaanza kuzikunja nyaya. Tuliwaomba waendelee. Baada ya kitambo polisi wa zamu akaja kuuliza kuna nini, akasikiliza, akavuta debe akaketi.