Istilahi za Fundi: Injini ya Pistoni na Injini ya Mzunguko

Fundi wa gereji wa Mikindani, Mombasa, anaposhusha injini ya pistoni, lugha haimpungukii: hufungua hedi, huchonga silinda iliyolika, hubadilisha ringi na kusaga valvu. Injini ya mzunguko ya Felix Wankel, iliyowaka kwa mara ya kwanza mwaka wa 1957, humnyang'anya msamiati huo. Haina pistoni wala valvu. Rota yenye pembe tatu huzunguka chumbani, na kila ncha huzibwa kwa kipande chembamba kisichopitisha mgandamizo. Kipande kikilika, hubadilishwa; ukuta wa chumba ukikwaruzika sana, kwa kawaida hauchongwi bali hubadilishwa mzima. Mwanagenzi akiambiwa "ringi", atatafuta duara lisilokuwepo. "Kizibo cha ncha" ni istilahi ifaayo zaidi: hutaja kazi ya kifaa na mahali pake.