Posho ya Serikali na Soda ya Mwenye Kisukari

Nchini Marekani takriban watu milioni 42 (kwa hesabu ya mwaka 2024) hupewa na serikali yao, kila mwezi, masurufu ya chakula yaliyotiwa ndani ya kadi iliyofanana na kadi ya benki, na kwa muda mrefu mwenye kadi hiyo ameweza kununua karibu kila kiliwacho kiuzwacho madukani, kuanzia nyama na mchele hata peremende na soda, ghairi ya pombe, tumbaku, dawa na chakula cha moto kilichokwisha kupikwa. Mpango huo, ambao tangu mwaka 2008 huitwa SNAP, umezusha mabishano makali. Kwani wako wasemao kwamba, maadamu hazina ya umma ndiyo inayolipia chakula, na hazina iyo hiyo ndiyo inayolipia matibabu ya mafukara kwa bima iitwayo Medicaid, haielekei kwamba mtu mwenye kisukari, shinikizo la damu au unene wa kupindukia aachiwe kununua kwa posho hiyo kile kimzidishiacho maradhi.

Kuzuia si jambo jipya. Stempu za kwanza za chakula, zilizoitangulia kadi hiyo, zilitolewa mjini Rochester, jimbo la New York, mwezi wa Mei 1939, nazo zilikuwa za rangi mbili: zile za rangi ya chungwa zilinunua chakula chochote, na zile za buluu zilinunua vile tu ambavyo serikali ilitangaza kuwa vimevunwa vikazidi mahitaji. Kizuizi basi kilikuwapo tangu siku ya kwanza, ila kiliwekwa kwa ajili ya mkulima aliyedodewa na mazao yake, wala si kwa afya ya mlaji. Wabunge walipoitunga sheria ya stempu za chakula ya 1964 walizungumza habari ya kuikataza soda, kisha wakaliacha jambo hilo lipite. Jimbo la Minnesota liliomba idhini ya kukataza mwaka 2004, likanyimwa. Michael Bloomberg, meya wa New York, akaomba mwaka 2010, nayo Wizara ya Kilimo, inayousimamia mpango huo, ikamjibu mwaka uliofuata kwamba haikubali. Mlango haukufunguka mpaka Mei 2025, Nebraska ilipopewa ruhusa ya kuondoa soda na vinywaji vya kuongeza nguvu, na majimbo mengine yakafuata kwa haraka.

Ugumu wa kutenganisha chakula kizuri na kibaya huonekana vyema Iowa. Jimbo hilo, badala ya kujitungia orodha mpya, lilitwaa sheria yake ya kodi ya mauzo, ambayo haihesabu kuwa ni peremende kitu chochote kilichotiwa unga. Matokeo yake ni kwamba chokoleti tupu hukataliwa na mashine ya keshia, ilhali chokoleti iliyofunika biskuti hupita salama salimini, ijapokuwa sukari yake haina upungufu wa kujivunia.

Lakini hata majimbo hayo hayamwulizi mnunuzi ana ugonjwa gani. Yamekataza kwa wote sawasawa. Wanaotaka kizuizi kiwafuate wagonjwa peke yao wanataka jambo lingine kabisa, maana ili mashine imtambue mwenye kisukari, sharti cheti cha tabibu kiingie katika kadi ya chakula, na siri iliyokuwa baina ya mgonjwa na daktari wake ifike mpaka kwa kijana aliyekaa penye sanduku la fedha, huku watu wamejipanga nyuma na chupa imerudishwa mezani. Mbali ya fedheha hiyo kuna hasara iliyo kubwa zaidi: nani atakayekwenda kwa hiari yake kupimwa damu, akijua kwamba jibu la kipimo litampunguzia haki yake ya kununua? Kisukari ni maradhi yanayokaa mwilini miaka bila ya kubisha hodi, na ni aula kwa kila serikali kuwavuta watu waje wapimwe, si kuwafukuza.

Tena mwenye kisukari anayetumia insulini huweza kushikwa na hali iliyo kinyume cha ile inayoogopwa, yaani sukari kushuka: mikono ikatetemeka, jasho jembamba likamtoka, akili ikachafuka, na asipopata kitu kitamu upesi akazimia. Matabibu wenyewe humwagiza awe na nusu gilasi ya maji ya matunda, au soda ya kawaida, karibu naye. Hilary Seligman na wenzake, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2014, walitazama hospitali za California, wakaona kwamba miongoni mwa watu wa kipato cha chini kulazwa kwa sababu ya sukari kushuka kulizidi kwa asilimia 27 katika juma la mwisho wa mwezi kuliko juma la kwanza. Mwisho wa mwezi ndio wakati masurufu yamekwisha. Mgonjwa amechoma sindano yake kama alivyoagizwa, na jikoni hamna kitu. Kwangu mimi takwimu hiyo ina uzito kuliko hotuba zote za soda, seuze ikiwa ripoti ya Wizara ya Kilimo ya mwaka 2016 ilionyesha kwamba nyumba zenye posho zilitumia kwa soda takriban dola 5 katika kila dola 100 za chakula, na nyumba zisizo na posho dola 4.

Insafu yataka nitaje hoja nzito ya upande wa pili. Uko mpango mwingine, WIC, uliotungiwa sheria mwaka 1972 kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wasiotimia miaka mitano, na humo mtu hupimwa kwanza hali yake ya lishe, kisha akapewa vyakula vilivyotajwa kimoja kimoja. Wala hakuna anayeuita dhulma. Ni kweli, ila WIC huongeza juu ya SNAP, haipunguzi. Hata watafiti wa Minnesota, waliochapisha kazi yao mwaka 2016 baada ya kuwagawa watu katika makundi manne, waliona kwamba ulaji ulitengenea zaidi kwa wale waliozuiwa vitu vitamu na papo hapo wakaongezewa fedha za matunda na mboga, kuliko wale walioachwa na posho yao bila ya kizuizi wala nyongeza.

Ruhusa yalizopewa majimbo kwa sasa ni za miaka miwili, nayo yametakiwa kupima matokeo yake. Kuhesabu soda zisizouzwa ni kazi nyepesi, kwani mashine za maduka huzijua tayari. Laiti yangehesabu pia wanaofikishwa hospitali tarehe 27 na 28 kwa sukari kushuka.