Kwa Miguu kutoka Korogwe hadi Handeni

Korogwe na Handeni ni miji ya Mkoa wa Tanga iliyounganishwa na barabara ya lami ya takriban kilomita 65. Korogwe iko kando ya Mto Pangani, karibu mita 300 juu ya usawa wa bahari, chini ya milima ya Usambara. Handeni iko kusini-magharibi, karibu mita 700, kwenye vilima vya Uzigua. Anayetoka Korogwe kwa miguu huvuka mto kwanza, kisha hupanda taratibu karibu safari nzima.

Kabla ya lami palikuwa na vijia, na vingi bado vipo. Wachota maji, wanafunzi, wakulima na wafugaji, kila mmoja ana kipande chake cha kila siku. Vipande hivyo vikiungana, hupatikana njia ndefu ya kutoka mji hadi mji. Ndiyo maana kijia hakinyooki. Mti ukianguka juu yake, watu hupita pembeni. Miaka ikipita mti huoza na kutoweka, lakini kona hubaki, kwa kuwa udongo wa pale umekwisha shindiliwa na nyasi hazioti tena. Kijia hukwepa pia udongo mweusi unaonasa miguu wakati wa masika.

Kinachokiongoza zaidi ni maji. Handeni ina mvua za kubahatisha, na korongo nyingi hukauka kiangazi, hivyo vijia huelekea malambo na visima. Tatizo hilo ndilo lililozaa mradi wa maji wa HTM (Handeni Trunk Main) katika miaka ya 1970, unaosukuma maji ya Pangani kutoka upande wa Korogwe hadi Handeni.

Katika karne ya 19 misafara ilipita Uzigua ikielekea bandari ya Pangani na sehemu nyingine za pwani. Kirangozi, aliyetangulia mbele, aliweka tawi au kuchora mstari kwenye njia panda ili walio nyuma wasipotee. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilipofika Korogwe mwaka 1902, safari nyingi ziligeukia stesheni. Mashamba ya mkonge nayo yalivuta vibarua kutoka bara, na wengi wao walifika kwa miguu. Juni 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliteka Korogwe na Handeni kutoka kwa Wajerumani. Askari na wapagazi walitembea nyikani wakiwa na chakula haba, malaria ikiwaangusha watu na mbung'o wakiua wanyama wa mizigo.

Leo mtembeaji mwenye mzigo, akienda kilomita nne au tano kwa saa, huhitaji siku mbili. Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo mizuri, masika yakiwa yamekwisha. Ni vyema kuondoka alfajiri kabla ya jua kali, ingawa umande hulowesha nguo hadi magotini. Maji ya kutosha hubebwa tangu mwanzo. Njia huulizwa kijiji kwa kijiji: anayeuliza Handeni ataelekezwa barabarani, lakini anayeuliza Sindeni au Misima ataonyeshwa kijia. Salamu hutangulia swali, na anayetaka kulala hujitambulisha kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji.

Vijia hivi viko hatarini. Pikipiki huchimba mfereji katikati, maji ya mvua huufuata na kuugeuza korongo. Mashamba mapya nayo hufunga njia ambazo haziko kwenye ramani yoyote. Uingereza ilikabili jambo hilo kwa sheria ya mwaka 1949, iliyozitaka halmashauri za England na Wales kuchora ramani za vijia vya umma. Tanzania nayo ina pa kuanzia. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji, na mpango wa matumizi ya ardhi hupelekwa mbele ya mkutano mkuu wa wanakijiji. Vijia vinastahili kuchorwa katika mpango huo pamoja na malambo, malisho na mashamba, tena mapema, wakati wanaovijua bado wanavitembea.